Kituo cha Sita, Ukingo wa Kushoto

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, Mama Chupa aliupanda mto. Alivaa mabuti yake ya mpira, akabeba kisanduku cha barafu chenye chupa kumi tupu, akaanzia kule chini kwenye kinamasi na kwenda juu, kituo kwa kituo, mpaka kwenye chemchemi. Waliomwona mara ya kwanza walishangaa. Mto unashuka, yeye anapanda! Aliwajibu bila kusimama: buti linatibua tope, tope linafuata maji, na anayetembea pamoja na maji anachota tope lake mwenyewe halafu anaandika ripoti kwamba mto ni mchafu. Ukipanda, tope lako unaliacha nyuma. Ndiyo kazi, na kazi aliijua. Alikuwa na stashahada ya ufundi wa maji, watoto watatu na miaka saba mtoni. Mtu wa kumbabaisha alikuwa bado hajazaliwa.

Mto wenyewe haukuwa wa kutishia mtu. Urefu wake kilomita kumi na moja. Ulianzia nyuma ya kilima cha wachoma matofali, mahali ambapo mtoto wa chekechea angeuvuka kwa hatua moja. Ukapita kando ya shule, ukauzunguka uwanja wa mpira, kisha ukaingia chini ya soko na kupotea. Zamani, baada ya mafuriko kubeba vibanda vyote, wakubwa wa wakati ule waliutia mto ndani ya bomba la zege na kuujengea soko jipya mgongoni. Ulipoingia gizani ulikuwa na rangi ya maji, na ulipotoka upande wa pili ulikuwa na rangi ya chai ya jana. Kuanzia hapo ulinyooshwa baina ya kuta mbili za mawe, ukapanuka, ukapita kati ya karakana ya manispaa na mawe ya madobi, ukapenya chini ya reli na kujimwaga kwenye kinamasi. Kule matete yaliusafisha kadiri yalivyoweza, tena bila kuandikiwa barua na mtu.

Mji mzima ulikuwa pale kwa sababu ya maji hayo. Nyumba ya pampu ya kwanza bado imesimama, haina paa, wanalala mbuzi. Lakini ukimuuliza mtu njia ya kwenda mtoni atakuuliza, "Mto gani? Au unasema ule mfereji?" Neno hilo lilimkera Mama Chupa kuliko harufu.

"Mfereji mtu anauchimba," alikuwa akiwaambia. "Huu mliukuta."

Katika kila kituo alichota chupa moja, katikati ya mkondo. Kituo cha sita peke yake kilikuwa cha chupa mbili, moja kwa kila ukingo, kwa sababu pale mto ni mpana na kila upande una mambo yake. Upande mmoja ni karakana ambako magari ya taka huoshwa. Upande wa pili ni madobi ishirini na watatu, mawe yao, mabeseni yao na kamba zao za kuanikia. Ndio waliompa jina la Mama Chupa. Na mwenyekiti wao, aliyekuwa na jiwe la kwanza kabisa karibu na ngazi, alikuwa mama mkwe wake.

Jumanne hiyo mama mkwe alikuwa hafui. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Simama hapo hapo. Usinikanyagie na mabuti yako mpaka uniambie hiki ni nini."

Kwenye jiwe lake kulikuwa na alama ya X ya rangi nyekundu, bado inanata. Kwenye jiwe la pili, nyingine. Na la tatu, na la nne, mpaka mwisho wa safu. Mama mkwe akamkabidhi karatasi yenye muhuri wa manispaa.

"Soma. Kwa sauti, na wenzangu wasikie tena."

Mama Chupa akasoma. Kwa kuzingatia ripoti na ramani ya Ofisi ya Mto, iliyobaini kwamba chanzo kikuu cha sabuni mtoni ni ukingo wa kushoto katika kituo cha sita, wafuaji wote wa ukingo huo wanatakiwa kuondoka ifikapo Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo mawe yatavunjwa. Mwenye pingamizi aliwasilishe mbele ya kamati ya mazingira siku ya Alhamisi.

"Ofisi ya Mto," mama mkwe alisema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Si ndiyo kwenu?"

"Ndiyo kwetu."

"Na anayepima sabuni ni nani?"

"Ni mimi."

Mlio wa nguo kwenye mawe ulikuwa umekatika. Dobi mmoja mrefu, ambaye wenzake walimwita Pasi kwa sababu alikuwa hakawii kupata moto, akabwaga shuka ndani ya beseni.

"Kumbe tunafuga nyoka! Kila mwezi tunamkaribisha, tunampisha njia, mama chupa, mama chupa!"

"Funga mdomo, Pasi." Mama Chupa alinyoosha kidole ng'ambo, chini ya ukuta wa karakana, ambako bomba lilitokeza kwenye mawe kama ulimi. "Sabuni ninayoipima naikuta pale. Miaka saba nachota pale, chupa inajaa povu mpaka kizibo kinakataa kufunga. Hapa kwenu ni ya kawaida tu. Aliyechora hii ramani kachora usingizini, na leo hii nakwenda kumwamsha."

"Miaka thelathini na moja nafua hapa," mama mkwe alisema, sasa bila kelele. "Mumeo amekulia ndani ya beseni langu. Nilipokuja changarawe za chini zilionekana, unawahesabu kambale wakipita. Hiyo karakana ilikuja baadaye, ikatukuta. Jumamosi wakinitoa, niende wapi? Nikafulie kwenye sinki lako?"

"Huendi popote, mama."

"Inaniahidi ofisi, au unaniahidi wewe?"

"Mimi," alisema Mama Chupa. Akachota chupa zake mbili, akamaliza vituo vilivyobaki kwa sababu hasira si likizo, na saa nane mchana alikuwa anapanda ngazi za ofisi na matope yake yote.

Mchora ramani alikuwa mtu mtaratibu, mgeni pale ofisini, anayekunja mikono ya shati mara mbili na si zaidi. Kabla yake Ofisi ya Mto haikuwahi kuwa na ramani ya vipimo. Ilikuwa na majedwali, safu juu ya safu za tarakimu zilizokaa kabatini zikisubiri mchwa. Ramani yake ilikuwa ya kwanza, na wakubwa waliipenda kwa sababu walielewa rangi.

"Una macho wewe?" Mama Chupa alimuuliza kutoka mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Una macho?"

"Ninayo mawili."

"Basi niambie imekuwaje sabuni ya karakana ukaimwaga kwa madobi."

Mchora ramani hakupandisha sauti. Alivuta faili, akafungua jedwali la mwezi uliopita na kuliweka mezani. Sabuni, miligramu kwa lita. Kituo 6, kushoto: thelathini na moja. Kituo 6, kulia: tatu.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Nami nimeweka nukta nyekundu kushoto. Kama ulivyoandika."

"Karakana ndiyo iko kushoto!"

Mchora ramani akainuka na kusogeza viti viwili mpaka vikaacha njia katikati ya chumba. "Naomba usimame hapa, dada. Tuseme maji yanatoka dirishani na kwenda mlangoni. Ukingo wa kushoto wa mto ni upi?"

Alitaka kumwambia aache mchezo wa watoto. Lakini miguu yake ilijua jibu kabla ya mdomo, ikamgeuza kuelekea mlangoni. Mwaka wa kwanza chuoni, somo la kwanza la mito: ukingo wa kushoto ni ule ulio kushoto kwa mtu aliyegeukia maji yanakokwenda. Popote duniani, mto wowote. Aliliandika kwenye mtihani na kupata alama zote.

"Sasa," mchora ramani alisema, "ukiwa kule mtoni na chupa zako, unageukia wapi?"

Mama Chupa akageuka polepole, uso kuelekea dirishani. Alikuwa anapanda. Miaka saba alikuwa anapanda, mgongo kwa kinamasi, uso kwa chemchemi, karakana mkononi mwake mwa kushoto.

Akatoa simu na kumpigia mzee aliyemrithisha kazi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Buti, na ambaye baada ya kustaafu alikuwa anafuga kuku na kusikia kwa sikio moja.

"Mzee, kule kituo cha sita. Ulipokuwa ukiandika kushoto, ni upande upi?"

"Upande wa mkono huu!"

"Mzee, tunaongea kwa simu."

"Upande wa karakana! Unapanda, karakana unaiacha kushoto. Kwani wameihamisha?"

"Hawajaihamisha, mzee."

"Basi tatizo liko wapi?"

Tatizo Mama Chupa aliliona lote kwa mkupuo, kama mtu aliyewashiwa taa. Kupanda mto ulikuwa utaratibu mzuri, na utaratibu huo mzuri ndio uliozaa kosa. Mzee Buti aliandika kwa mkono wake. Yeye akaja na stashahada yake, akaoneshwa mahali pa kuchotea, akaandika vilevile bila kufikiri. Na kosa lilikaa kimya kabatini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulichora. Mtu alipolichora, likaangukia kwa madobi, na nani angeuliza mara mbili? Sabuni na dobi!

"Dada," mchora ramani alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua. "Mkataba wangu unaisha baada ya miezi miwili. Watu wakitafuta pa kuutupa mzigo huu, watautupa kwangu. Mchoraji ndiye kachora."

Wazo hilo lilikuwa limeshampitia Mama Chupa, na lilipita limevaa vizuri. Ramani imekosewa, irekebishwe, basi. Nani angechimba zaidi ya hapo? Mama mkwe angebaki na jiwe lake, na yeye angebaki mtaalamu asiyekosea. Alimtazama yule mtu na mikono yake ya shati iliyokunjwa mara mbili.

"Hakuna wa kukutupia kitu," alisema. "Wewe umechora nilichoandika. Nitolee nakala ya hilo jedwali, na unipe kalamu nyekundu."

Mkuu wa Ofisi ya Mto aliitwa Injinia, alikuwa mpana, na maneno yake yalikuwa laini kama mto wa kulalia. Alimsikiliza Mama Chupa mpaka mwisho, akalitazama jedwali lililochorwa mishale myekundu, akavua saa yake na kuivaa tena.

"Wewe ni mtu wangu bora kuliko wote kule mtoni," alianza.

"Usinivishe kilemba cha ukoka, Injinia. Nakuambia nimekosea."

"Haya, umekosea. Hebu jiweke kwenye kiti cha kamati. Karakana ni ya manispaa. Sisi ni manispaa. Mkubwa wa madobi ni mama mkwe wako. Asubuhi tangazo linabandikwa, mchana mkwe anakuja kusema samahani, kushoto ni kulia. Mimi ningekuwa mjumbe ningecheka mpaka nitoe machozi."

"Ndiyo maana sitaki uniamini mimi. Kesho saa tatu magari ya taka yanarudi kutoka dampo na kuoshwa, kama siku zote. Njoo uchote mwenyewe."

"Mimi?"

"Una mikono miwili."

"Kamati inakaa Alhamisi asubuhi."

"Maabara watatoa majibu kesho jioni. Nimeshaongea nao." Alikuwa hajaongea nao. Angeongea nao akitoka hapo.

Injinia akaegemea kiti. "Na nikisema tuache hivi hivi? Wafuaji waondoke, halafu taratibu turekebishe mambo ya karakana, ndani kwa ndani?"

"Jumamosi mawe yatavunjwa. Mwezi ujao nitapima pale pale na sabuni itakuwa ile ile. Nitaiandika. Na chini yake nitaandika ni siku gani nilikuambia."

Alisema bila ukali wowote, kama anavyomwambia mwanawe wa mwisho kwamba asipokula sasa, hali mpaka jioni. Injinia aliivua tena saa yake na kuivaa. Mwishowe akauliza stoo wana mabuti ya saizi gani.

Jumatano saa tatu kasorobo walikuwa kituo cha sita. Injinia alikuwa mkuu wa Ofisi ya Mto mwaka wa nne, na mto ulikuwa haujawahi kuuona mguu wake. Mabuti yalimbana kwenye vigimbi, akashuka ngazi kwa ubavu kama kaa. Madobi walikuwa kazini wote ishirini na watatu. Mama Chupa alikuwa amewaonya tangu saa moja: fueni kama siku zote, na atakayepunguza sabuni leo nitamjua.

"Mimi sigusi chupa," alimwambia Injinia. "Utachota wewe, utafunga wewe, utaandika lebo wewe na kutia sahihi juu ya kizibo. Kwanza geukia maji yanakokwenda. Mkono wako wa kushoto una nini?"

"Madobi."

"Wa kulia?"

"Karakana."

"Sasa geuka, panda kama ninavyopanda mimi. Wa kushoto?"

Injinia akageuka, maji yakampiga magotini. Alikaa hivyo kidogo, akigeuza kichwa huku na huku. "Alaa," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa hachagui maneno. "Kumbe ni rahisi hivi kukosea?"

"Rahisi mno."

Chupa ya kwanza akaichota upande wa madobi, hatua tano chini ya jiwe la mwisho. Pasi alikuwa hapo, anakamua shuka la hoteli.

"Injinia, na hilo shati tukusaidie? Limeshalowa hata hivyo."

"Pasi!" mama mkwe alimkemea kutoka juu. Kisha akaongeza, "Ila kola inahitaji."

Ng'ambo ya pili, nyuma ya ukuta, pampu iliguruma. Bomba likakohoa, likatema maji ya kijivu, likanyamaza, halafu likafunguka kweli kweli. Povu liliruka, jeupe kwanza, kisha lenye rangi za mafuta. Halikuenda katikati ya mto. Lilijishikiza kwenye ukuta na kutambaa nao kuelekea chini, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Ndiyo maana pale huwezi kuchota chupa moja ya katikati ukadhani umeujua mto. Ukingo mmoja hauna habari ya mwingine mpaka maji yafike kwenye daraja la reli.

Injinia akavuka, maji mapajani, akachota hatua tano chini ya bomba. Aliinua chupa juu akaitikisa. Povu lilijaa shingoni na kukaa. Alisubiri lishuke. Halikushuka.

"Kila siku?" aliuliza.

"Jumapili wanapumzika."

Akaifunga chupa, akatia sahihi juu ya kizibo.

Saa kumi na moja jioni majibu yalikuwa mezani. Kikomo cha manispaa kilikuwa mbili. Ukingo wa kulia, chini ya karakana: thelathini na nne. Ukingo wa kushoto, chini ya madobi: tatu. Mchora ramani aliisogeza nukta nyekundu ng'ambo kwa kidole kimoja, ikachukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Injinia alikuwa bado anaitazama ile tatu.

"Hii nyingine," alisema kwa ule ulaini wake, na safari hii ulikuwa wa wema. "Tatu na mbili. Kwenye kamati naweza kusema ipo karibu na kikomo, tusiongeze maneno. Umeshachoka, na mama yule ni mzazi wako."

Mama Chupa alifikiri. Hakuna aliyemlazimisha kuwa mtakatifu. Alimwona mama mkwe na jiwe lake, na ule mlio wa nguo uliokatika. Kisha akaona jedwali la mwaka ujao na la mwaka ule mwingine, yote yana jina lake chini.

"Tatu haipo karibu na mbili. Ipo juu ya mbili. Iandike."

Kamati ilikaa Alhamisi, wajumbe saba na jagi la maji. Injinia alianza na maneno ya utangulizi na Mama Chupa akayaacha yaishe. Alipopewa nafasi alisimama na viatu vyake vya kisigino kifupi, alivyovinunua kwa ajili ya mahafali na kuvivaa mara nne tangu hapo, akaeleza kwa dakika sita. Aliandika kushoto kwa mkono wake badala ya kushoto kwa mto. Alifanya hivyo miaka saba. Mchora ramani alichora alichopewa. Sampuli za jana zilichotwa na Injinia mwenyewe, na sahihi yake ipo kwenye vizibo.

"Kwa hiyo," mwenyekiti alisema, akiwaangalia wenzake, "Ofisi ya Mto miaka saba haijui kushoto na kulia?"

Kicheko kikapita mezani.

"Ofisi inajua, mheshimiwa. Ni mimi niliyekuwa nimegeukia juu."

"Na kama yule mfuaji asingekuwa mama mkwe wako, ungegundua?"

Swali lilikuwa la haki na lilimchoma. "Ningechelewa," alisema. "Ndiyo maana kuanzia leo lebo zetu hazitaandika mkono wa mtu peke yake. Zitaandika upande wa karakana, upande wa madobi. Hata atakayekuja baada yangu, hata akigeukia anakotaka, hataweza kuwahamisha watu."

Waliandika. Tangazo la kuwaondoa madobi limefutwa. Karakana ifunge bomba lake ndani ya siku thelathini, na isilifungue mpaka ijenge tangi la kunasa mafuta na sabuni. Madobi nao, kwa kuwa wamevuka kikomo, wapewe siku tisini kuchimba shimo la kuchujia. Na mtaalamu wa sampuli apewe barua ya onyo. Mama Chupa aliisaini barua hiyo pale pale, akaomba nakala.

Saa nane mchana alishuka ngazi za madobi. Habari ilikuwa imeshatangulia, kama kawaida ya habari. Pasi na wenzake walikuwa wanasugua zile X kwa mchanga na brashi, wanaimba wimbo uliokuwa na jina la karakana ndani yake na matusi mawili. Mama mkwe alimfungulia mikono.

"Subiri kwanza, mama," alisema Mama Chupa. "Bado hujasikia yote. Ramani haikukosewa na mchoraji. Aliyeandika kushoto ni mimi. Miaka saba."

Mikono ya mama mkwe ilibaki wazi, halafu ikashuka.

"Wewe."

"Mimi."

"Juzi ulisimama hapo hapo ukaniambia kachora usingizini."

"Nilikuwa sijajua. Nimejua saa nane ile ile, nikaenda kusema."

Pasi alikuwa ameacha kusugua.  Mama mkwe alikalia jiwe lake, akautazama mto kwa muda ambao ungetosha kusuuza mashuka mawili.

"Kwa hiyo X ni yako."

"Ni yangu."

"Na kuifuta ni wewe."

"Nusu yake."

"Nusu? Nusu nini tena?"

Mama Chupa akampa karatasi ya pili. Kipimo cha kwao ni tatu, kikomo ni mbili. Wana siku tisini za kuchimba shimo, wajaze changarawe na mchanga, na maji ya mabeseni yapite humo kabla ya kufika mtoni. Kelele zilizuka safu nzima. Hawa watu hawatosheki! Kwani sisi tuna mafuta? Waende wakamalizane na karakana!

"Umetutetea ili upate kutushtaki," mama mkwe alisema.

"Lile halikuwa lenu, nimeliondoa. Hili ni lenu, mama. Dawa ya kung'arishia mnamwaga na beseni zima. Na hao kambale unaowasema hawawezi kurudi karakana ikifungwa peke yake."

Kwenye ncha ya ulimi wa mama mkwe kulikuwa na kitu kikubwa, cha kukumbukwa na ukoo. Ilionekana. Alikimeza. Akainuka, akafunga kanga vizuri, akaenda mpaka mwisho wa safu ya mawe, pale ardhi inapoinama kuelekea majini.

"Shimo la ukubwa gani?"

"Hatua sita urefu, tatu upana. Kina kinifike kifuani."

"Kifuani kwako au kwangu? Wewe mfupi."

"Kwako, basi."

Akaanza kupima kwa hatua, akihesabu kwa sauti. Alipofika nne Pasi alisema mahali hapo si pazuri, mvua ikija maji yatarudi. Mwingine akasema lisogezwe juu, karibu na kamba. Juu ndiyo nini, aliuliza wa tatu, maji yatapanda yenyewe? Wote ishirini na watatu wakawa mainjinia kwa wakati mmoja.

"Kimya!" mama mkwe alisema. "Pasi, acha hiyo X, imeshakufa. Leta jembe. Mtaalamu yupo hapa hapa, atatuonesha mahali, na safari hii ataonesha kwa mguu wake, si kwa karatasi." Akamgeukia mkwewe. "Vua hivyo viatu."

"Mama, nina ripoti ya kuandika."

"Utaandika. Kwanza nioneshe maji yanaingilia wapi."

Mama Chupa akavua viatu vyake, akaviweka juu ya jiwe kavu, akapokea jembe na kuchora mstari wa kwanza kwenye udongo.

"Hapa," alisema. "Na yanatokea pale, upande wa reli. Pasi, usinikodolee macho, anza na pembe ile."